Kuponi za Marekani: namna ya kumpunguzia ndugu yako bei ya dukani ukiwa Bukavu

Kuponi uliyoiona kwenye tovuti ya Marekani haitakupunguzia hata franga kumi hapa Bukavu. Haitapokelewa kwenye maduka makubwa ya avenue Lumumba, haitapokelewa Nyawera, na mama anayepima mchele Kadutu atakucheka tu. Nalisema mapema kwa sababu sisi wenye sekretariati, tunaochapisha CV na kupiga fotokopi za vitambulisho, tunaletewa picha hizo mara kwa mara. Mtu anafungua simu, anaonyesha kuponi ya sabuni au ya maziwa ya mtoto, anauliza kuchapisha kwa rangi ni bei gani. Mimi humshauri abaki na pesa yake.

Ila kama una yaya, shangazi au mtoto aliyepokelewa kule, Louisville au Dallas au Boise, hapo mambo yanabadilika. Yeye anatoka kazini usiku amechoka, Kiingereza bado kinampiga chenga, na hana muda wa kupekua matangazo ya maduka. Wewe una mega kidogo kwenye simu, una jioni zako, na pengine Kiingereza cha shule hakijakutoka. Kazi ya kutafuta na kupanga ifanye wewe. Kuchapisha na kununua kubaki kwake, na sababu yake ndiyo hii inayofuata.

Kwanza uliza: nani atalipa?

Kuponi si hisani ya duka. Mara nyingi ni ahadi ya kiwanda: mnunuzi alipe dola moja pungufu, duka likubali, kisha kiwanda kitalirudishia duka dola hiyo. Duka hukusanya kuponi zake na kuzipeleka kwa kampuni inayozihesabu na kuzihakiki, halafu kiwanda hulipa thamani iliyoandikwa pamoja na ujira mdogo wa usumbufu, kwa kawaida senti 8 kwa kila kuponi. Yote hayo yapo kwenye kuponi yenyewe, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, karibu na anwani ambayo duka hutuma madai yake.

Ukishaushika mzunguko huo, maswali mengi yanajijibu yenyewe. Bukavu haipokelewi kwa sababu hakuna atakayemrudishia mwenye duka pesa yake. Fotokopi ni kosa kwa sababu kila kuponi inayochapishwa nyumbani hutoka na namba yake ya pekee. Namba moja ikirudi mara tano, kiwanda kinalipa moja na nne zinabaki shingoni mwa duka. Na kuponi ya "chukua bure" inayozunguka WhatsApp ni ya kutiliwa shaka kwa sababu hakuna kiwanda kitakachokubali ulimwengu mzima ujichapishie bidhaa bila kikomo.

Zipo pia kuponi za duka lenyewe. Hizo analipia mwenye duka mwenyewe kutoka kwenye faida yake, kwa hiyo zinatumika kwenye duka hilo tu.

Jambo jingine dogo linalowachanganya watu: kuponi nyingi zimeandikwa kuwa thamani yake kwa pesa taslimu ni sehemu moja ya mia ya senti. Maneno hayo yapo kwa ajili ya sheria za baadhi ya majimbo ya kule. Maana yake kuponi mia moja, kwa pesa taslimu, ni senti moja. Anayekuuzia bunda la kuponi za Marekani hapa mjini anakuuzia hiyo senti. Isitoshe, nyingi zinaandikwa kuwa zikiuzwa au zikihamishwa kwa mtu mwingine hazifai tena.

Anza na risiti zake

Wengi huanza na kuponi, wanaona "punguzo la dola tatu", wanamtumia ndugu yao, naye ananunua kitu ambacho nyumbani kwake hakuna anayekila. Anza upande wa pili. Mwombe akupigie picha risiti zake za karibuni. Risiti itakuambia anakonunua, anachonunua, kwa ukubwa gani na kwa bei gani. Usimuulize kwa mdomo. Hakuna anayekumbuka bei ya dawa ya meno.

Ukizisoma risiti hizo utaona mapema kuponi zitasaidia wapi. Kuponi za kule ni nyingi kwa vitu vya boksi na chupa: nafaka za asubuhi, yogati, dawa ya meno, sabuni ya kufulia, shampuu, nepi za watoto. Kwa mchele wa gunia, nyanya, nyama mbichi, unga wa muhogo na sombe iliyogandishwa kutoka duka la Waafrika, usitarajie kitu. Familia zetu nyingi bado zinakula bugali na sombe huko huko Marekani, kwa hiyo kuponi inaingia bafuni na kwenye nguo chafu zaidi kuliko kwenye sufuria. Si haba. Dola iliyobaki kwenye sabuni inanunua samaki.

Angalia pia jina la duka. Walmart na Kroger hupokea kuponi za viwanda, hata zile zilizochapishwa nyumbani, mradi zisomeke na mashine. Aldi na Costco hazipokei kuponi za viwanda kabisa. Ndugu yako akiwa mtu wa Aldi tu, mwache anunue kwa amani. Bidhaa nyingi za humo zina chapa ya duka lenyewe na bei zake tayari ziko chini.

Kama anatumia kadi ya EBT, ile ya msaada wa serikali kwa chakula, kuponi haimzuii. Inapunguza bei kwanza, kisha kadi inakatwa kilichobaki. PIN ya kadi hiyo asikutumie hata wewe. Hakuna hatua yoyote humu inayoihitaji.

Kutafuta

Milango ni mitatu. Wa kwanza ni tovuti au programu ya duka analonunua. Wa pili ni tovuti za viwanda vyenyewe; kampuni ya P&G, kwa mfano, ina ukurasa wa ofa uitwao brandSAVER kwa sabuni, nepi na dawa za meno zake. Wa tatu ni tovuti zinazokusanya kuponi za viwanda vingi pamoja. Mimi ningeanza na duka na kumalizia na hizo za mkusanyiko, kwa sababu huko ndiko matangazo yanakokurukia usoni na ndiko matapeli wanakojificha.

Ukiulizwa ZIP, andika ile ya ndugu yako, tarakimu tano zilizo kwenye anwani yake. Za Louisville huanza na 402. Ofa hubadilika kulingana na eneo, na ukibuni namba utampangia bei za mji mwingine. Baadhi ya tovuti hazitafunguka kabisa ukiwa nje ya Marekani, au zitaomba namba ya simu ya kule ili zitume msimbo wa kuthibitisha. Usihangaike kuzizunguka. Mtumie kiungo, akibofye mwenyewe wakati wa mapumziko.

Mfungulie barua pepe ya pembeni kwa ajili ya mambo haya tu, maana baada ya wiki moja kisanduku kitafurika matangazo. Barua pepe na ZIP zinatosha. Tovuti inayotaka namba ya kadi ya benki ili ikupe kuponi, ifunge.

Ujue pia kwamba karatasi inapungua. Maduka mengi sasa yanapendelea kuponi za simu: unabofya, inaingia kwenye akaunti ya mteja, na pale kaunta anataja namba yake ya simu tu. Kwa mtu asiye na printa hiyo ni nafuu kubwa, na mkikubaliana unaweza kumbofyia wewe kutoka hapa, yeye akiwa macho ili akusomee msimbo utakaofika kwake. Kumbuka tu kuwa bidhaa moja inabeba kuponi moja ya kiwanda: akiwa na ya karatasi na ya simu kwa chupa ile ile, itahesabiwa moja. Kuponi ya duka pamoja na ya kiwanda juu ya bidhaa moja, baadhi ya maduka huruhusu. Kila duka kubwa lina ukurasa wa masharti yake ya kuponi. Usome mara moja uuhifadhi.

Kusoma kuponi bila kudanganywa na picha

Tuchukue moja ya mfano. Juu kabisa kuna maneno MANUFACTURER COUPON, yaani inalipwa na kiwanda. Pembeni, EXPIRES 03/04/2026. Katikati kwa herufi kubwa, SAVE $2.00, yaani okoa dola 2, na chini yake, ON ANY ONE, 92 OZ OR LARGER, yaani ukinunua yoyote moja ya oz 92 au zaidi. Kisha picha ya chupa ya sabuni, mistari ya kusomwa na mashine, na herufi zile ndogo.

Tarehe kwanza. Sisi tungesoma 3 Aprili. Kule mwezi hutangulia, kwa hiyo inakwisha 4 Machi, na ndugu yako akienda mwisho wa Machi atarudishwa mbele za watu. Hili peke yake huharibu kuponi nyingi za watu wetu.

Ukubwa nao. Oz ni aunsi, kipimo cha kule. Kwa vitu vya maji, oz 92 ni karibu lita 2.7; kwa vitu vikavu, oz 16 ni pauni moja, karibu gramu 454. Chupa ya oz 88 ya sabuni ile ile, harufu ile ile, rangi ile ile, itakataliwa. Picha kwenye kuponi huonyesha chupa ya gharama zaidi, lakini sheria ni maandishi. Maandishi yakiruhusu ukubwa mdogo zaidi, mara nyingi huo ndio wenye faida, isipokuwa vile vichupa vya safari ambavyo karibu kila kuponi huvikataa.

Angalia kama ni ON ONE au ON TWO. Punguzo la dola tatu kwa kununua mbili ni dola moja na nusu kwa kila moja, na anahitaji kweli mbili? Halafu kuna mstari wa kikomo. Ukisema ONE COUPON PER PURCHASE, ni kuponi moja kwa kila bidhaa: akinunua chupa mbili anaweza kutoa kuponi mbili. Ukisema PER TRANSACTION, ni moja kwa malipo yote ya safari hiyo ya kaunta. Programu za kutafsiri hutoa neno "ununuzi" kwa yote mawili, kwa hiyo soma Kiingereza chenyewe.

Kusubiri bei ishuke

Hapa ndipo pesa ilipo, na ndipo watu wanapokosa subira.

Tuseme sabuni hiyo yenye chapa ya kiwanda kikubwa inauzwa dola 12.99. Ukitoa kuponi ya dola 2 inabaki 10.99. Pembeni yake kwenye rafu hiyo hiyo kuna sabuni ya chapa ya duka, ukubwa sawa, dola 8.49, bila kuponi yoyote. Aliyetumia kuponi amejiona mjanja na amelipa dola 2.50 zaidi ya jirani yake. Sasa wiki mbili baadaye duka linashusha ile ya chapa kubwa hadi 9.99. Kuponi ile ile ya dola 2 inaifikisha 7.99, na sasa ndiyo rahisi kuliko zote. Kuponi haikubadilika. Kilichobadilika ni siku.

Kwa hiyo kila wiki fungua tangazo la bei la duka lake. Kwa maduka mengi wiki ya bei huanza Jumatano; Kroger kwa kawaida ni hivyo. Bukavu iko mbele ya Louisville kwa saa sita wakati wa majira yao ya joto na saba wakati wa baridi, nayo ni faida kwako: unapokunywa chai ya asubuhi yeye amelala. Unalinganisha tangazo na kuponi zenu, unapanga, na anapoamka orodha inamsubiri.

Ukubwa ukitofautiana, usilinganishe bei ya chupa na chupa. Gawanya bei kwa oz. Lebo ya rafuni mara nyingi huandika bei ya kila oz kwa herufi ndogo pembeni. Hesabu hii mama zetu wanaifanya kwa kichwa kila siku sokoni, kujua kama kikombe cha maharage kwa huyu kinashinda kilo ya yule, kwa hiyo usimwone shangazi kama hataweza.

Usimtumie orodha ya mistari thelathini. Mtumie kitu kama hiki:

"Kroger. Sabuni ya kufulia, chupa ya bluu, oz 92, chukua MOJA. Bei ya wiki hii 9.99, kuponi 2, utalipa 7.99. Mwisho Jumanne. Bei ikiwa zaidi ya 9.99, iache."

Weka picha ya chupa chini yake. Kwa yule ambaye kusoma kunamchosha, mrekodie sauti, kitu kimoja kwa sauti moja, asije akasikiliza dakika nne nzima amesimama katikati ya rafu. Ule mstari wa mwisho, "iache", usiusahau. Kwa watu wengi ndio ruhusa waliyokuwa wakiihitaji.

Kuchapisha

Kuponi nyingi za nyumbani hukubali kuchapishwa mara chache tu kwa kila kifaa, mara nyingi mbili. Mfumo unahesabu amri uliyotoa, hauangalii kama karatasi ilitoka. Karatasi ikikwama, wino ukiisha katikati, umeme ukikatika, umepoteza moja. Hapo ndugu yako ana raha kuliko sisi wa hapa, lakini bado: atie karatasi, achapishe kwanza ukurasa wowote wa majaribio, ndipo aguse kuponi.

Nyeusi inatosha, rangi ni kutupa pesa. Kitu cha kulinda ni ile mistari ya mashine. Asipunguze ukubwa ili kuponi nyingi zienee kwenye ukurasa mmoja; mistari ikibanana mashine haisomi. Aache ukubwa kamili, asikate kwa mkasi karibu na mistari, asikunje hapo. Na asichapishe mapema mno, kwa sababu nyingi zina wiki chache tu za uhai.

Asiye na printa anaweza kujaribu maktaba ya umma ya mji wake, ambako kuchapisha ukurasa hugharimu senti kidogo. Tatizo ni kwamba tovuti nyingine hutaka programu yao iwekwe kwenye kompyuta, na maktaba nyingi hazikubali hilo. Zile zinazotoa faili ya kawaida hazina shida. Na usichapishe wewe hapa ukampigia picha karatasi: mistari kwenye picha ya simu si kuponi, keshia anahitaji karatasi aichukue abaki nayo, kwani ndiyo duka litakayoitumia kudai pesa yake.

Pale kaunta

Mwambie aziweke kuponi kwa mpangilio wa bidhaa alizonazo kikapuni na kumwambia keshia tangu mwanzo kuwa anazo. Kwanza bidhaa zote zipite, kisha namba ya uanachama wa duka, kisha kuponi. Kwa mtu mgeni, mashine za kujihudumia si mahali pa kujifunzia. Aende kwa keshia binadamu, na asichague saa ya foleni ndefu.

Mashine ikilia na kukataa, sababu huwa chache: tarehe, ukubwa, idadi, au kuponi nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Aombe kwa upole msimamizi aangalie. Ikikataliwa bado, aiondoe bidhaa hiyo kwenye hesabu. Kununua kwa bei kamili kwa sababu ya aibu ndiko kunakoua mpango wote. Na kuponi ikizidi bei ya kitu, maduka mengi huishusha ilingane na bei; asingoje chenji.

Kabla ya kutoka mlangoni asome risiti. Kila kuponi inapaswa kuonekana kama mstari wa kutoa. Akutumie picha ya risiti, nawe upate bei halisi za kuanzia wiki ijayo. Zipo pia programu kama Ibotta zinazorudisha pesa kidogo baada ya manunuzi kwa kusoma risiti. Hizo azijaribu akishazoea haya mengine.

Za bandia

Wapo watakaokuletea faili ya kuponi nzuri mno na kukuomba uzichapishe nyingi. Kataa. Mwanamke mmoja wa Virginia Beach aliyekuwa akitengeneza kuponi bandia na kuziuza kwa vikundi mtandaoni alihukumiwa mwaka 2021 kifungo cha miaka 12. Hasara ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola milioni 31. Ndugu yako ambaye bado anasubiri karatasi zake za ukaaji hana sababu ya kusimama karibu na mambo kama hayo kwa ajili ya boksi la nafaka. Dalili ni zile zile: bidhaa bure kabisa, haina tarehe, haina anwani ya madai, au imefika kama picha badala ya kutoka kwenye tovuti ya kiwanda au duka.

Viungo vya WhatsApp vinavyosema duka fulani linasherehekea miaka yake na linagawa vocha, jaza fomu kisha sambaza kwa watu kumi, vinazunguka kule na hapa. Hakuna vocha. Wanachotaka ni namba yako na za marafiki zako.

Na wewe uliyeko hapa

Bukavu punguzo halina karatasi. Linakaa kwenye statusi ya WhatsApp ya mwenye duka, kwenye bango la mlangoni, na kwenye mdomo wa anayejua kupatana. Kwa maduka makubwa, angalia tarehe ya mwisho ya kula kabla ya kufurahia bei, maana kinachoshushwa mara nyingi ni kile kilichobakiza siku chache. Na bei ikiwa imeandikwa kwa dola nawe una franga, uliza kiwango wanachohesabia kabla hujajaza kikapu: duka linalopunguza asilimia tano na kuhesabu dola juu ya kiwango cha wabadilisha pesa wa barabarani linaweza kuwa limeirudisha ile tano yote kabla hujafika mlangoni.